Siku Saba Ndani ya Chumba cha Maboksi

Kaka yangu alikuwa fundi seremala kwa miaka arobaini na mitatu, na katika miaka hiyo hakugusa ubao wa mteja kabla hajagusa boksi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Maboksi, hata watoto. Tulimzika miezi minne iliyopita, Mungu ampumzishe. Mimi ni mdogo wake wa kike, mshonaji, na ndimi niliyebaki peke yangu katika nyumba aliyoijenga.

Makaburini watu walimsifu kwa kabati zao na meza zao. Mama mmoja alilia akisema droo yake haijakwama tangu binti yake azaliwe, na binti mwenyewe alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo halikuhusu kabati. Nilitaka kujua kama kaka alifahamu alichonifanyia kwa chumba alichonijengea. Alipokuwa hai sikumwuliza. Sasa kila nilipopiga magoti kumwombea, maneno yalifika kooni yakasimama, kwa kuwa sikujua namwombea mtu aliyejua au mtu asiyejua.

Nianze na kazi yake, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Mteja akiagiza kabati, mafundi wengine humwuliza urefu, upana na aina ya mbao. Kaka alimwuliza, "Asubuhi ukiamka, mguu gani unatangulia chini?" Mteja alicheka, akidhani anataniwa. Kaka alisubiri jibu, penseli sikioni, hana haraka. Kisha alikwenda kwa muuza majokofu kuomba makatoni, akayakata, akayagundisha, akatengeneza kabati zima la boksi, ukubwa ule ule, milango ikifunguka na droo zikivutika. Alilibeba kichwani hadi kwa mteja.

"Kaa nalo siku saba," alisema. "Kila litakapokuudhi, andika hapo hapo kwa penseli. Usiniambie mimi, nitasahau. Liambie boksi."

Siku ya nane alilifuata. Nimeyasoma mengi ya maboksi hayo, kwa sababu mengine aliyaleta nyumbani tukawashia moto. "Hapa mkono wa bibi haufiki." "Mlango huu unamgonga mtoto kichwani." "Mume wangu anasema droo ya juu ni yake, mimi nasema ni yangu." Juu ya hilo la mwisho kaka alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "Droo mbili za juu."

Mzee mmoja alirudi siku ya tatu na uso wa aibu.

"Fundi, mbuzi amekula kabati."

"Lote?"

"Amebakiza bawaba."

Aliyekuwa anapiga vanishi pembeni, rafiki wa kaka wa miaka yote, aliweka brashi chini. Huyu tulimwita Msasa, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ulimi wake nao unakwaruza. Akasema, "Mbuzi naye ametoa maoni. Mwandike."

Kaka hakucheka. Alikuna kidevu. "Kumbe mbuzi anaingia mpaka chumbani?"

"Anaingia, fundi. Tumeshindwa naye."

"Basi na yeye ni mtu wa nyumba hiyo. Tutaliweka juu ya miguu mirefu." Kabati lile lipo hadi leo, na wajukuu wa yule mbuzi hupita chini yake.

Mchungaji wetu alipenda kumchokoza baada ya ibada. "Fundi, mambo ya kesho si tumwachie Mungu? Binadamu hupanga, Mungu hupangua."

"Kesho ni yake, Mchungaji," kaka alijibu. "Lakini goti litakalogonga pembe ya meza ni la muumini wako."

Kaka aliamini kwamba anayeagiza meza anaagiza, bila kujua, namna watu wa nyumba yake watakavyoketi, nani atampa nani mgongo, nani atainuka kila mara kufuata chumvi. Haya yote yanaamuliwa siku ubao unapokatwa, na baadaye watu hudhani ndivyo walivyo. Alisema hivyo kwa watu wote. Nyumbani kwake hakusema.

Nyumba yetu aliijenga akiwa na miaka ishirini na minne. Baba alishatangulia mbele ya haki tukiwa wadogo. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka huo, upande wa kushoto ukawa kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kidato cha nne, muhula wa mwisho. Niliporudi na sanduku langu la bati, kaka alinipokea barabarani, akaniziba macho kwa kiganja kinachonuka gundi, akaniongoza ndani huku nikijikwaa.

"Fumbua."

Kilikuwa chumba kizuri. Nisimnyime haki yake, kilikuwa kizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kilikuwa nyuma ya chumba cha mama, na mlango wake ulifungukia kwa mama, ili nisikie akiniita. Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja, kimejengewa ukutani. Kichwani palikuwa na rafu ya dawa zake, kila chupa na tundu lake, na kando ya rafu kidirisha kidogo cha mbao cha kumpitishia kikombe bila kuinuka. Chini ya dirisha palikuwa na meza, nayo imeshikwa na ukuta, na juu yake cherehani mpya. Dirisha lenyewe lilikuwa juu, ili mwanga uangukie sindano na vumbi la barabarani lisifikie vitambaa.

"Nimekurahisishia, mdogo wangu," alisema. "Hutatembea hata hatua mbili."

Nikasema, "Asante, kaka." Nikalia. Mama, toka kitandani kwake, alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akasema mtoto amefurahi.

Ndani ya sanduku langu, chini ya sare, kulikuwa na fomu ya chuo cha ualimu, imejazwa tayari, inasubiri sahihi ya mzazi au mlezi. Sikuitoa. Ningeitolea wapi? Kitanda kilishajua nitalala wapi, rafu ilishajua nitampa nani dawa, meza ilishajua nitafanya kazi gani. Hapakuwa na kitu hata kimoja mle ndani ambacho mtu angeweza kukisogeza.

Siku nyingi baadaye nilimwuliza kwa mzaha kwa nini wateja wote huwapa boksi siku saba na mimi sikupewa hata siku moja. Alishangaa kweli.

"Wageni ndio wa kupima," alisema. "Wewe nakujua tangu unatambaa."

Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo.

Nilimuuguza mama miaka ishirini. Simlaumu, na Mungu ananiona. Kumtunza mama ni baraka na nilizipata baraka hizo. Nasema tu kwamba ilikuwa miaka ishirini.

Katika mwaka wa saba alikuja karani wa posta. Alileta shati la kupunguzwa kola, akarudi na suruali, akarudi na shati lile lile akidai nimepunguza kupita kiasi, ingawa sikulipunguza hata kidogo. Alikuwa mpole, ana meno yaliyoachana mbele. Jumapili alikuja kutusalimia rasmi, na hapo ikaonekana kwamba nyumba yetu ina viti vitatu. Cha mama, cha kaka, changu. Kaka aliamini kiti kisicho na mtu kinazaa vumbi. Basi karani aliketi juu ya kreti ya misumari, magoti yakimfika kifuani, Jumapili tatu mfululizo.

"Kaka," nilisema, "mgeni anakalia misumari."

"Si ipo ndani ya kreti?"

"Kaka!"

"Haya, nitamtengenezea." Lakini wateja walikuwa wengi, na Jumapili ya nne karani alikuja kuaga. Amehamishwa kituo. Alitaka twende wote. Nilimpitisha chumbani kwa mama, nikamwonyesha changu, ili aone mwenyewe kabla sijasema neno. Alitazama rafu, kidirisha, meza, kitanda chembamba.

"Nilikuja kukuuliza wewe," alisema taratibu, "naona chumba kimeshakujibia."

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Nilisikia baadaye kwamba alioa huko, na nikamwombea mema, na nilimaanisha.

Kaka naye hakuoa. Watu walisema ameoa mbao. Mimi nadhani alijifungia pamoja nasi, maana chumba chake alikijenga cha upana ule ule wa kitanda kimoja. Mama alipofariki, kaka alikitazama kiti chake kwa siku tatu, kisha akakibeba hadi kanisani, wakakiweka kwa wanakwaya. Tukabaki wawili na viti viwili. Tulikula tukitazamana, tukiongea habari za skrubu na uzi. Watu wawili wanaweza kukaa nyumba moja miaka kumi na tisa wakasikilizana vizuri, na kila mmoja akawa peke yake. Nilikaa kwenye cherehani, na kupitia dirisha langu la juu niliona ukingo wa bati la jirani na kipande cha mbingu. Watu niliwajua kwa sauti zao.

Sasa nifike kwenye siku ya mwalimu.

Ilikuwa miaka miwili kabla ya kifo chake. Nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana karakana, nikakuta vijana kama kumi na wawili wenye daftari, na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anafundisha usanifu chuo cha ufundi. Alikuwa amesikia habari za maboksi akaleta darasa lake lione.

Kaka alijieleza kwa aibu, akionyesha katoni ya kabati la jikoni iliyojaa maandishi ya penseli. Mwalimu akawageukia vijana wake.

"Mnaona? Haya ndiyo ninayowaambia kila siku. Watu wanadhani kesho ni moja, ipo mahali inatusubiri, na kazi yetu ni kubashiri itakuwaje. Wanaofikiri juu ya usanifu wanasema kesho ziko nyingi. Kila unachotengeneza kinafungua baadhi yake na kufunga nyingine. Ukiweka ngazi, umemfungulia mwenye miguu na kumfungia mwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo mtengenezaji hana ruhusa ya kusema, mimi nimetengeneza kiti tu. Na huyu fundi ameelewa jambo ambalo wengi wenye vyeti hawalielewi. Kabla ya kuamua, anawaacha wenyewe waishi kidogo ndani ya kesho yao, wakati bado ni ya boksi na inaweza kukatwa kwa kisu."

Vijana wakaandika. Msasa, akiwa na madoa ya vanishi hadi kwenye nyusi, akasema, "Fundi, kumbe wewe ni msomi! Na mimi nimekuwa nikikuita Maboksi bila adabu."

Wote wakacheka. Kaka hakucheka, kama kawaida yake, lakini safari hii alikuwa amesimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata.

"Mwalimu," alisema. "Zile zilizofungwa zinakwenda wapi?"

"Zipi, fundi?"

"Kesho zilizofungwa. Umesema ukitengeneza kitu zingine zinafungwa. Mtu aliyekuwa aishi humo anakwenda wapi?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Swali hilo ni zito," alisema. "Naomba niliandike." Na akaliandika kweli.

Mimi nilikuwa nafunga vyombo vyangu kwenye kikapu. Sikuona kama kaka alinitazama. Tangu siku hiyo hakupigilia tena kitu ukutani kwa mtu yeyote. Kila alichotengeneza kiliweza kusogezwa, meza zikawa na vigurudumu, Msasa akalalamika kwamba anapaka vanishi mikokoteni. Nyumbani kaka alikula kimya kuliko zamani. Nilidhani ni umri.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja, alisimama mlangoni kwangu.

"Mdogo wangu, Jumatatu njoo karakana. Kuna kitu nataka ukikalie."

"Kitu gani?"

"Uje ukione. Siku saba tu."

Nilikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza, uzi mdomoni. "Kaka, kwa siku sita Mungu aliumba dunia nzima. Wewe unataka saba za kunikalisha ndani ya katoni?"

Safari hiyo alicheka. Ni moja ya mara chache ninazozikumbuka. "Basi ukipata nafasi," alisema.

"Nikipata nafasi."

Sikuipata. Hakurudia kuniuliza, na mimi nikasahau, nikidhani ni kabati la mteja fulani mwenye kimo kama changu. Alianguka karakana siku ya kazi, mchana, randa mkononi. Presha. Tulikaa naye hospitali siku mbili. Siku ya pili aliushika mkono wangu akaupima kwa vidole, kutoka kifundo hadi kiwiko, kama anavyopima ubao, akafumba macho. Alfajiri Mungu alimchukua.

Mwezi wa tatu baada ya maziko, Msasa alikuja nyumbani. Hakuketi. Alisimama akizungusha kofia.

"Dada, mwenye karakana anaitaka sehemu yake mwisho wa mwezi. Mbao nimeshazigawa, vifaa nimevifunga. Lakini kuna kitu kule nyuma siwezi kukigusa mpaka wewe uje."

"Kitu gani?"

"Mimi nilikatazwa kusema. Mwenyewe alisema uje kwa miguu yako." Akaigeuza ile kofia. "Nilimwambia atume mtu akuite tena. Akasema, 'Msasa, nilishawahi kumwamulia. Sirudii.'"

Nilikwenda naye. Nyuma ya karakana kuna upande usio na ukuta, nguzo tupu, na mbele yake uchochoro ambao watu hupita kwenda kisimani na sokoni, ule ule unaopita nyuma ya nyumba yetu. Pale kaka alikuwa amesimamisha chumba. Chumba kizima cha boksi, kuta zinazofika juu ya kichwa changu, zimeungwa kwa gundi na vipande vya mbao. Msasa alikuwa amekifunika kwa nailoni. Aliifunua, akarudi nyuma, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake.

Mlango ulifungukia nje, uchochoroni. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Ulikuwa mpana, watu wawili wangepita sambamba. Dirisha lilikuwa chini, usawa wa mtu aliyeketi. Meza ya cherehani, ya boksi nayo, ilikuwa juu ya vigurudumu vya kweli. Rafu haikuwepo. Kidirisha hakikuwepo. Kitanda kilikuwa kipana na hakikugusa ukuta popote. Na palikuwa na viti viwili, vya makatoni yaliyokunjwa na kubanwa hadi yakawa magumu kama ubao, kimoja karibu na meza na kingine karibu na mlango.

Kuta zilijaa penseli. Ulikuwa mwandiko wake. Kaka alikuwa ameishi mle ndani mwenyewe, akijaribu kuwa mimi. Kwenye ukuta kulikuwa na mstari umeandikwa "Kimo cha dada." Kando ya dirisha: "Akiketi aone watu. Miaka yote ameona bati." Kando ya kiti cha pili: "Mgeni asikalie misumari." Karibu na meza: "Akitaka kuitoa kabisa, itoke. Labda hakupenda kushona." Mahali ambapo rafu ingekuwepo palikuwa na neno moja tu, "Samahani," nalo lilikuwa limefutwa kwa kifutio na kuandikwa tena.

Nilijua basi. Alijua. Alijua yote, hata kreti.

Juu ya mlango, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika "Hajaulizwa," akapiga mstari chini yake mara mbili. Kaka hakuwa na ruhusa yake mwenyewe ya kukata ubao hata mmoja kabla mwenye chumba hajakaa siku saba. Na mwenye chumba alikuwa na sare arobaini.

"Dada," Msasa aliita kutoka nje, "unalia au unapiga chafya? Vumbi la huko ni baya."

"Vyote."

"Haya. Endelea."

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi kwisha. Nilimwambia Msasa asikivunje, nitakuja kila siku saa kumi. Aliniwekea penseli mezani, akaichonga kwanza.

Siku ya kwanza niliketi tu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Siku ya pili mwanamke aliyebeba ndoo alipita, akanitazama dirishani, akasema, "Habari za kazi, mama?" Nikaruka. Tangu nianze kushona hakuna aliyenisalimia kupitia dirisha. Nilijibu amekwishapita. Siku ya tatu alipita tena, nikawahi. "Hapa ni duka?" aliuliza. Nikamwambia bado sijui.

Siku ya nne ilinyesha. Maji yaliingia pembeni mwa nailoni, pembe moja ya ukuta ikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Msasa alikimbia na turubai akipiga kelele, "Fundi, zuia mvua yako huko juu, watu wanaishi humu!" Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Siku ya tano hasira ilinijia. Sikuitarajia, nilidhani nimekwisha kusamehe. Niliketi kwenye kile kiti kizuri, nikauona mlango mpana, nikamwona karani wa posta amesimama pale akiwa kijana, na meno yake yale, na nikaona msichana mwenye fomu ya chuo, naye ana haki ya kupita. Hawakupita. Nilichukua penseli nikaandika ukutani, kwa nguvu hadi boksi likatoboka: "Umechelewa, kaka." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuliambia boksi. Nikarudi nyumbani kupitia kisimani ili Msasa asinione.

Siku ya sita sikuandika kitu. Niliomba. Nilimwomba Mungu, ambaye mbele zake hakuna kesho iliyofungwa wala iliyofunguliwa, amwambie kaka kwamba nimesoma. Maneno hayakusimama kooni. Yalitoka yote.

Siku ya saba nilikaa kama mteja. Nilifungua mlango mara kumi. Nilisukuma meza kila pembe. Nilipima dirisha kwa macho nikaona lina kasoro: nikiinama kwenye sindano, ubao wa chini unanizibia nyuso za watu, naona kofia na ndoo tu. Kaka alichukua kimo nilichokuwa nacho zamani. Mgongo wangu umeshuka tangu hapo, naye hakuwa na wa kumpima. Nikaandika: "Dirisha lishuke vidole vinne."

Nikamwita Msasa. Alisoma kila kitu polepole, midomo ikicheza, akafika kwenye tundu la penseli, akaliruka, akafika dirishani.

"Vidole vya nani? Vyako au vyangu?"

"Vyangu."

"Weka hapa." Nikaviweka kwenye futi yake, akakariri hesabu. "Na mlango? Dada, nisiwe mnafiki. Uko peke yako. Mlango wote huu wa nini?"

"Umeandikwa hapo."

"Na viti viwili?"

"Viwili. Na kile cha kaka kibaki kwake chumbani."

Alivunja ukuta wa nyuma ya nyumba kwa wiki mbili ili chumba kile kijengwe sasa kwa mbao, akitukana kila msumari uliopigiliwa na rafiki yake. "Huyu mtu alijenga kama anazuia gharika," alisema. Kitanda changu cha zamani hakikutoka kizima, ilibidi kikatwe. Rafu ya dawa ilitoka na plasta yote, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe kama siku ulipopakwa, na matundu sita ya skrubu.

Sasa nashona nikitazama uchochoro. Yule mwanamke wa ndoo si wa mtaa huu tena, amehama, lakini wengine hupita, na wengi husalimia, na mimi huwajibu mapema. Wachache huingia. Hukaa kidogo, huchukua nguo zao, huondoka. Jioni huwa ndefu kama zamani. Sijaficha hilo mbele ya Mungu, sitalificha hapa.

Kiti cha pili kipo karibu na mlango, mahali alipokichora. Kaka alisema kweli, kiti kisicho na mtu kinazaa vumbi, hasa mlango ukiwa wazi upande wa uchochoro. Nakifuta kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye changu.